Chakula cha Jioni Siku za Kazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yale yanayorudi kila watu wanapokaa kuzungumzia jikoni: kazini wakati wa chai, kwenye vikao vya vikoba (vikundi vya kuweka na kukopa), kwenye geti la shule wakisubiri watoto. Wengi wanaouliza wako Dar es Salaam au mji wowote wenye foleni kama yake. Wanatoka kazini saa kumi na moja, wanafika nyumbani saa moja au saa mbili usiku, na wanaowasubiri wana njaa. Majibu yanaanzia mambo ya msingi na kuishia kwenye hali za pembeni. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Misingi

1. Nianzie wapi? Kila nikisema nitapanga, wiki inaisha vile vile.

Anza na kuamua, kupika kutafuata. Kinachochelewesha chakula cha usiku mara nyingi si moto, ni swali la "leo tunakula nini?" linaloulizwa saa moja na nusu, wakati maharage hayajalowekwa, nyama bado ni jiwe kwenye friza na genge la mboga mtaani limebakiwa na nyanya zilizopondeka. Ukifika hapo, chipsi zimeshashinda.

Ijumaa usiku au Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, andika vyakula vinne vya jioni. Vinne, si saba. Siku ya tano ni ya kiporo, na mwisho wa wiki una mambo yake: harusi, msiba, mgeni. Ratiba ya siku saba inapendeza kuiangalia, lakini ikiharibika siku moja watu huitupa yote.

Karatasi ibandikwe kwenye mlango wa friji. Ukiweka kwenye simu unaiona wewe peke yako. Ikiwa ukutani, hata mtoto wa darasa la nne anajua kuwa leo ni siku ya choroko na anaweza kuzichambua kabla hujafika.

2. Mlo kamili ni upi, kwa lugha ya sahani?

Gawa sahani kwa macho: nusu mboga za majani na kachumbari, robo wanga (ugali, wali, ndizi, viazi), robo kitoweo (maharage, dagaa, samaki, nyama, mayai). Tunda likatwe baada ya hapo, papai au chungwa.

Sahani zetu nyingi ziko kinyume: ugali ni mlima na mchicha ni kijiko kimoja pembeni. Huhitaji chakula kipya, unahitaji kubadili vipimo. Mchicha hunywea sana kwenye moto, kwa hiyo familia ya watu watano isipike mafungu mawili madogo ikadhani imekula mboga; manne au matano ndiyo kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na wengi wetu jioni ndiyo nafasi pekee ya kulipa deni la mchana.

3. Nipe mfano wa wiki moja inayotekelezeka.

Chukulia Jumapili umechemsha maharage kilo moja na nyama kilo moja, vyote chukuchuku, bila kuunga. Jumatatu unaunga maharage kwa nazi, wali na mchicha. Jumanne ugali, dagaa wa kukaanga kwa nyanya na kitunguu, na matembele. Jumatano ndizi au viazi na ile nyama, pamoja na kachumbari. Alhamisi choroko, kabichi ya karoti, na chapati kama zipo. Kama hazipo, wali. Ijumaa kinaliwa kilichobaki, na mayai ya kuongezea.

Angalia kilichofanyika hapo. Sufuria mbili za Jumapili zimebeba siku mbili, na siku mbili nyingine zimepewa vitoweo vinavyoiva upesi. Mboga za majani laini zimetangulia, kabichi imewekwa mwisho kwa sababu inavumilia (swali la 6). Wewe badilisha majina: Nairobi matembele yatakuwa sukuma wiki, Bukoba ndizi zitatokea mara tatu. Mpangilio unabaki huo huo.

4. Kwa hiyo Jumapili nzima niwe jikoni?

Hapana, na anayekushauri upike wiki nzima siku moja hajawahi kula mchicha wa siku nne. Pika mapema vile tu vinavyochukua muda: maharage, nyama, kisamvu, rojo la nyanya. Ugali, wali na mboga za majani vipikwe siku yake. Saa mbili zinatosha ukibandika kwa mpangilio: maharage kwanza, nyama ya pili, na wakati vinachemka unakata vitunguu vya rojo na kumenya thomu (kitunguu saumu).

## Sokoni na kabatini

5. Ninunue nini kwa mwezi, kwa wiki, na nini genge la jirani?

Kwa mwezi: mchele, maharage, choroko, dagaa, karanga, mafuta, chumvi. Kwa wiki: nyama au samaki, trei ya mayai, vitunguu, karoti, kabichi, hoho, viazi, nazi, matunda. Genge: majani, nyanya za kuongezea, ndimu, pilipili. Ukiwa mteja wa kudumu, mama wa genge anaweza kukuwekea mafungu yako ya matembele mchana, kabla hayajachaguliwa na kunyauka. Mpigie simu saa tisa. Ni msaada mkubwa kuliko programu yoyote ya kupanga mlo.

Kununua kidogo kidogo kwa Mangi, duka la mtaani, kila usiku kunaonekana rahisi, ila kwa vitu vikavu vipimo vidogo hukutoza zaidi kwa kilo. Kama hela ya mwezi haiji kwa mkupuo, anza na kimoja: gunia dogo la maharage mkigawana majirani watatu wakati wa mavuno.

6. Mboga za majani zinanioza kabla ya Alhamisi. Nifanyeje?

Panga kuzila kwa mpangilio wa kuharibika kwake. Mchicha, matembele na majani ya maboga ziliwe siku mbili za mwanzo. Chainizi na sukuma wiki huvumilia zaidi kidogo. Nyanya chungu, bamia na bilinganya zifuate. Kabichi na karoti zifunge wiki.

Usizioshe kabla ya kuziweka. Toa majani ya njano, funga mafungu kwenye kitambaa kikavu au gazeti, weka sehemu ya chini ya friji. Maji ndiyo yanayoyaozesha. Siku ya kupika, osha kwanza ndipo ukate. Ukikata kwanza, sehemu ya vitamini huenda na maji ya kuoshea.

7. Dona au sembe?

Dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, lina ganda na kiini cha mahindi, kwa hiyo lina nyuzinyuzi na virutubisho ambavyo sembe huvipoteza kwenye kukobolewa. Kama familia haijazoea, changanya nusu kwa nusu, hakuna sheria inayokataza.

Tahadhari ni mbili. Kiini kina mafuta, hivyo dona huchacha mapema. Saga kidogo, la wiki mbili tatu. Ya pili ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi. Nunua mahindi makavu, toa punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zenye ukungu, na karanga chungu au zilizosinyaa tupa, usimpe hata kuku.

8. Dagaa ni chakula cha lishe kweli au ni cha kukosa hela?

Ni vyote viwili, na hakuna aibu. Dagaa huliwa na mifupa yake, kwa hiyo hukupa kalsiamu ambayo nyama ina kidogo sana, juu ya protini. Hana haja ya friji wala ya kulowekwa usiku kucha. Ni dakika 20 kutoka kopo hadi mezani.

Dagaa wa Mwanza wakati mwingine huja na mchanga: toa vichwa, mwagia maji ya moto, sukasuka, mwaga, rudia hadi maji yawe safi. Wa Kigoma huwa ghali zaidi na wengi huwaona wasafi na watamu. Wakaange kidogo kwanza peke yao hadi wakauke ndipo utie kitunguu, nyanya na ndimu. Ukiwatia kwenye nyanya moja kwa moja ndipo harufu inapojaa nyumba nzima na watoto wanakimbia.

## Kazi ya mwisho wa wiki

9. Maharage nayachemshaje na kuyahifadhije?

Chambua na loweka Jumamosi usiku kwa maji mengi, asubuhi mwaga maji hayo. Hii hupunguza gesi tumboni na muda wa kuiva. Kwenye presha kuka yanachukua dakika 20 hadi 30 tangu ianze kupiga mluzi. Kwenye sufuria ya kawaida ni saa moja hadi moja na nusu, na maharage yaliyokaa stoo mwaka mzima yanaweza kugoma hata zaidi ya hapo. Ukipika mara nyingi, presha kuka hurudisha gharama yake kwenye mtungi wa gesi.

Kilo moja kavu hutoa karibu kilo mbili na nusu zilizoiva. Gawa kwenye makopo yenye kifuniko, kila moja kiasi cha mlo mmoja pamoja na supu yake kidogo, acha nafasi juu maana yakiganda yanapanda, kisha peleka friza. Usiyaunge bado. Yakiwa chukuchuku, kopo lile lile laweza kuwa maharage ya nazi, ya nyanya, au kuingia kwenye makande.

Jambo moja la usalama: maharage mekundu ambayo hayajaiva yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha. Lazima yatokote kwa nguvu angalau dakika 10. Majiko ya umeme ya kupika polepole siku nzima hayafiki joto hilo, kwa hiyo usianzie maharage humo.

10. Na nyama na samaki?

Nyama ya ng'ombe ichemshe na tangawizi, thomu na chumvi kidogo hadi iwe laini, igawe na supu yake. Kuku wa kisasa hana haja ya kuchemshwa mapema. Mkate vipande, gawa, gandisha mbichi. Samaki ukienda soko la Feri asubuhi, waparue na kuwakata pale pale, nyumbani wasuuze, wakaushe kwa kitambaa, gandisha kwa mafungu ya mlo mmoja.

Kanuni inayosahaulika: unachotaka kupika leo usiku kitoke friza na kushushwa kwenye friji jana usiku au leo alfajiri. Kuiacha nyama juu ya meza tangu asubuhi, kwa joto la Dar, ni kukaribisha bakteria kwa siku nzima ilhali katikati bado ina barafu.

11. Naweza kusaga thomu na tangawizi ya wiki nzima?

Ndiyo, na rojo la vitunguu na nyanya pia. Rojo likaange hadi mafuta yaanze kujitenga, lipoze, gandisha. Thomu na tangawizi saga, mimina kwenye trei ya barafu, vikiganda hamishia kwenye kopo. Kila kipande kinatosha sufuria moja. Tui zito la nazi fanya hivyo hivyo.

Thomu iliyosagwa na mafuta isikae nje ya friji hata kidogo. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na bakteria wa hatari sana hukua humo bila harufu wala rangi ya kukuonya. Kwenye friji imalize ndani ya siku nne, au igandishe.

12. Kisamvu na makande vinawezekana siku ya kazi?

Makande ndiyo, ikiwa mahindi yamechemshwa na kugandishwa kama maharage: unachanganya, unaunga, dakika 20. Kisamvu ni cha mwisho wa wiki. Majani ya muhogo mabichi yana sumu aina ya sayanaidi, inayoondoka kwa kutwangwa vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi. Hakuna njia ya mkato. Chemsha kingi, gandisha, na siku ya kazi kazi yako iwe kutia karanga au nazi tu.

## Usiku wenyewe

13. Nikiingia mlangoni nifanye nini kwanza?

Nawa mikono na bandika maji. Nguo utabadilisha maji yakichemka. Wengi hukaa kwanza "dakika tano", na kochi lina sumaku.

Tuseme ni siku ya wali na maharage. Mchele umeoshwa na kubandikwa. Jiko la pili linapokea kitunguu, kipande cha thomu na rojo, halafu maharage yaliyoyeyuka kwenye friji tangu alfajiri, na tui mwishoni kwa moto mdogo ili lisikatike. Mtoto mmoja anakata matango. Wali ukishakauka, ufunike na upunguze moto hadi mwisho kabisa. Hapo ndipo mchicha unaingia: karai lenye moto mkali, kitunguu, majani yenye matone ya maji ya kuoshea tu, geuza, dakika tatu hadi tano, epua ukiwa bado kijani. Mchicha ukibandikwa wa kwanza utakuwa mweusi wakati wali unaiva.

Na noa kisu chako.

14. Foleni imenikamata, nimefika saa tatu na hakuna kilichopikwa.

Pika kitu cha dakika 15. Mayai ya kukaangwa na nyanya, hoho na kitunguu, kwa mkate au tambi, na karoti mbichi pembeni. Au tambi na kopo la maharage uliyogandisha. Au viazi vitamu vilivyochemshwa mchana na aliyekuwepo nyumbani, parachichi na maziwa mtindi. Weka angalau kimoja kati ya hivi tayari kila wiki, hata kama huna mpango wa kukitumia.

Watoto wadogo wasisubiri. Ikifika saa moja usiku, waliopo nyumbani wawape uji wa maziwa au kiporo kilichopashwa moto, wewe utakula baadaye.

15. Kula saa tatu usiku kunanenepesha?

Saa peke yake hainenepeshi. Ukubwa wa sahani ndio hufanya hivyo, na mtu aliyeshinda na njaa hupakua mara mbili. Kula kitu saa kumi kazini, ndizi au karanga kiganja kimoja. Ukila usiku sana, ugali upungue na mboga ziongezeke, na kaa saa mbili hivi kabla ya kulala, hasa kama una kiungulia.

16. Chipsi za nje mara moja kwa wiki ni dhambi?

Si dhambi. Nunua mishikaki au kuku wa kuchoma, halafu nyumbani weka mihogo ya kuchemsha na kachumbari kubwa. Kilicho kigumu kupika haraka ni nyama ya kuchoma. Viazi vya kukaanga kwenye mafuta yaliyotumika tangu asubuhi unaweza kuvikosa bila majuto.

17. Vidonge vya mchuzi na mafuta: kiasi gani?

Kiwango cha juu cha chumvi kwa mtu mzima, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ni chini ya gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na iliyomo kwenye mkate na vidonge vyenyewe. Vidonge vingi ni chumvi kwa sehemu kubwa. Ukitia kidonge, usitie chumvi tena. Ndimu, thomu na giligilani vinaweza kufanya kazi ile ile. Mafuta pima kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye dumu. Vijiko vitatu vya mezani vinatosha mboga ya watu watano.

## Kiporo

18. Kiporo kinakaa muda gani?

Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na siku za joto linalozidi nyuzi 32, saa moja tu. Kwenye friji, maharage, mchuzi na nyama vinakaa siku tatu hadi nne. Kila kiporo kipashwe hadi kifuke mvuke katikati, si kingo tu, na kipashwe mara moja: chota unachokula, kingine kibaki baridi.

Wali uangalie kipekee. Kuna bakteria ambao mbegu zao huvumilia kupikwa. Wali ukiachwa sufuriani hadi asubuhi wanatoa sumu ambayo kupasha hakuiondoi. Najua wali wa kiporo na chai umelea nchi nzima. Utandaze kwenye sinia upoe upesi, uingie friji usiku ule ule, uliwe kesho yake.

19. Umeme ukikatika?

Usifungue mlango. Friji iliyofungwa hushikilia ubaridi karibu saa nne. Friza iliyojaa hufika saa 48, iliyojaa nusu saa 24, kwa hiyo jaza nafasi tupu kwa chupa za maji. Ukifungua ukakuta nyama ina barafu bado, unaweza kuigandisha tena. Iliyolainika na kupata joto usiirudishe.

20. Sina friji kabisa.

Mpango unabaki, ila ngome yako ni vitu vikavu na visivyoharibika upesi: dagaa, choroko, dengu, karanga, mayai, viazi vitamu, kabichi. Choroko hazihitaji kulowekwa. Maharage yaloweke alfajiri ukiondoka, na aliyepo nyumbani ayabandike saa kumi. Pika kinachoisha usiku huo.

Kapu lililojazwa blanketi kuukuu husaidia sana kwenye wali: uchemshe dakika chache, funika, zungushia blanketi pande zote, na utamalizikia humo bila mkaa huku unapika mboga.

## Wanaokula

21. Watoto wangu hawataki mboga.

Wape mboga wakati wana njaa zaidi, yaani kabla ya chakula. Wakati unasonga ugali, sahani ya karoti na matango iwe mezani, bila hotuba. Utashangaa jinsi inavyokwisha. Bamia na mlenda wengine hupenda kwa utelezi wake, wengine huchukia kwa sababu hiyo hiyo. Usilazimishe, jaribu tena wiki nyingine. Na mtoto akimwona baba anasukuma mchicha pembeni, kazi yako imeharibika.

22. Nina mtoto wa miezi minane. Nimpikie peke yake?

Hapana. Chota cha kwake kabla ya chumvi na pilipili: maharage yaliyopondwa, kiazi, kiini cha yai, mchicha uliosagwa, na mafuta kidogo. Maziwa ya mama yaendelee. Asali asipewe kabla hajatimiza mwaka.

Kwa wakubwa wanaokula maharage na majani zaidi kuliko nyama, na hasa kwa mjamzito: tunda chachu kama chungwa pamoja na chakula husaidia mwili kufyonza madini ya chuma, chai huzuia. Chai ya usiku isubiri saa moja baada ya kula.

23. Mama mkwe ana kisukari. Sufuria mbili?

Sufuria moja, upakuaji tofauti. Ugali wake uwe kama ngumi yake, mboga zijaze nusu ya sahani, tunda badala ya juisi. Kama anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, kuchelewa kula kunaweza kumshusha kupita kiasi, kwa hiyo chakula chake kisisubiri foleni. Daktari wake ndiye atakayepanga saa. Kwa presha, rudi swali la 17.

24. Kila kitu ni mimi. Mwenzangu na watoto wanasubiri tu.

Usiombe msaada wa jumla, toa kazi yenye jina na saa. "Baba Amina, saa moja bandika mchele" hufanyika. "Nisaidieni jikoni" hupotea hewani. Mtoto wa miaka minane anaweza kuchambua na kuosha, wa kumi na mbili anaweza kupika wali akisimamiwa. Kama kuna dada wa kazi, mshirikishe kwenye kupanga, maana yeye ndiye anajua ni kipi kilirudi jikoni hakijaliwa. Na ale chakula kile kile mnachokula.

## Hali za pembeni

25. Wageni wameingia bila taarifa saa mbili usiku.

Ongeza sufuria ya wali. Mayai ya kuchemsha yakatwe nusu na kutumbukizwa kwenye mchuzi uliopo, kopo moja la maharage litoke friza likayeyukie sufuriani kwa moto mdogo, kachumbari iwe kubwa. Ratiba isogezwe: chakula cha kesho kimeliwa leo, basi kesho ni dagaa.

26. Niko ughaibuni. Haya yananihusu?

Mpangilio ndiyo, bidhaa zitabadilika. Maharage ya kopo yamwage maji na kuyasuuza, chumvi itapungua. Spinachi ya kugandishwa huziba pengo la mchicha, tui la kopo linafanya kazi vizuri, na maduka ya Kiafrika au ya Kiasia mara nyingi huwa na kisamvu kilichogandishwa.

27. Mmoja wetu ni nesi wa zamu za usiku, mwingine anafanya kazi mchana.

Chagueni mlo mmoja wa pamoja, hata kama ni saa kumi na moja jioni kabla ya zamu, na huo ndio upangiwe sahani kamili ya swali la 2. Wa zamu apakuliwe chake kabla wengine hawajaanza kula, si kutoka kwenye mabaki. Kiende kwenye kopo, kipoe, kiingie friji. Akiondoka akibebe na chupa ya maji iliyoganda pembeni ya kopo, akipashe moto kazini. Kama huko hakuna pa kupashia, wali usiwe chaguo: abebe mayai ya kuchemsha yenye maganda, viazi vitamu, karanga na matunda.